Mwongozo kamili: jinsi ya kujitunza kulingana na hulka yako unapomuuguza ndugu mwenye dimensia

Wengi wanaouguza mzazi au mwenza mwenye dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, fikra na tabia, wameshaambiwa yale yale, pumzika, omba msaada, tafuta watu wa kuongea nao, na wamejaribu kweli, alafu wiki ya pili tu mpango umekufa na sasa mtu anabeba mgonjwa pamoja na lawama za kushindwa kujitunza. Ukichunguza unakuta ushauri wenyewe haukuwa mbaya ila ulimfaa mtu mwingine. Mpole asiyejua kusema hapana kapewa mpango wa mtu mwenye msimamo, mkimya kaingizwa kwenye grupu la watu hamsini, na yule anayetaka kila kitu kiende kwa mstari kaambiwa "acha tu mambo yaende". Haiwezi kudumu hiyo.

Hulka ya anayeuguza inagusa afya yake moja kwa moja. Tafiti za nchi mbalimbali zimekuwa zikionyesha kitu kinachofanana: hata wagonjwa wakiwa hali moja, mlezi aliye mwepesi wa wasiwasi na huzuni anauhisi mzigo mzito zaidi na yuko karibu zaidi na sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha), wakati mchangamfu, mwenye utaratibu na anayepatana na watu anahimili vizuri kidogo. Hayo ni kwa wastani, sio hukumu ya mtu mmoja mmoja. Hulka yenyewe inabadilika polepole sana, lakini namna ya kukabiliana na mambo inafundishika, na huo ndo upande tunaoushika hapa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo na kalamu, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Chagua kimoja tu, ukichanganya utapoteza.
- Wiki mbili za kuandika kabla ya kubadilisha chochote.
- Mtu mmoja anayekujua tangu zamani na asiyeogopa kukuambia ukweli.
- Dodoso la Zarit la kupima mzigo wa mlezi. Lina maswali 22, kila moja linajibiwa kuanzia 0 mpaka 4, jumla ya juu kabisa ni 88. Mhudumu wa afya anaweza kukupatia na kukusaidia kulijaza.
- Namba ya mhudumu wa afya anayemjua mgonjwa wako.

Usinunue kitu, usijiunge na kitu chochote kwanza.

## Hatua ya 1: Pima mzigo kabla ya kugusa kitu

Jaza Zarit siku ya kawaida, sio siku ambayo mgonjwa kakesha akizunguka nyumba nzima na wewe hujalala. Andika jumla na tarehe. Kwa kawaida alama 0 mpaka 20 zinahesabiwa mzigo mdogo, 21 mpaka 40 mdogo kuelekea wastani, 41 mpaka 60 wastani kuelekea mzito, na 61 kwenda juu mzito sana.

Tunaanza na namba kwasababu bila namba utajipima kwa mudi ya leo. Mwepesi wa wasiwasi atasema hakuna kinachosaidia hata pale ambapo kimesaidia, na yule mvumilivu atasema "niko sawa tu" mpaka siku anadondoka.

Alafu jiulize mawili: ndani ya wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa raha au hamu ya vitu ulivyokuwa unavipenda? Na mara ngapi umejisikia mnyonge, umekata tamaa? Kama jibu ni zaidi ya nusu ya siku, nenda kwa mhudumu wa afya wiki hii hii, huku ukiendelea na hatua zingine.

Onyo: ukijikuta na mawazo ya kujidhuru, au umefika mahali unaogopa mkono wako mwenyewe utampiga mgonjwa, weka mwongozo huu pembeni na tafuta mtu leo. Mwite ndugu aje akae na mgonjwa, wewe nenda ukaonwe. Mawazo hayo yanawapata walezi wengi waliochoka na yana tiba.

## Hatua ya 2: Andika matukio kwa wiki mbili

Kila siku tukio moja tu, lile lililokuchosha kuliko yote. Mistari minne inatosha: nini kilitokea, nilijiambia nini kichwani, nilifanya nini, mwili ulijisikiaje.

Chukua tukio ambalo karibu kila nyumba yenye dimensia inalijua. Saa kumi na mbili jioni, mama kasimama mlangoni na mkoba begani anataka arudishwe kwao, na nyumba hiyo aliyosimama ndo yake kwa miaka thelathini. Mtoto mwenye wasiwasi kichwani ashamwona mama kapotea barabarani, anakimbilia funguo, sauti inapanda, mama naye anaogopa na kuanza kupiga kelele. Mtoto mwenye utaratibu anamsahihisha, mama hapa ndo kwako, anamwonyesha picha ukutani, anamwonyesha mpaka jina lake kwenye makaratasi, na kila ushahidi unamkasirisha mama zaidi. Mtoto mpole anamtoa nje kumzungusha, kila jioni, na mgongo wake mwenyewe ni mbovu. Mkimya hasemi kitu, anasubiri mama atulie, alafu anaenda kulia bafuni ambako hakuna anayemsikia.

Mama ni yule yule na mlango ni ule ule, ila uchovu ni wa aina nne. Ndo maana ule mstari wa pili, nilijiambia nini, usiuruke kabisa. Hapo ndo hulka inaonekana.

Andika kilichoonekana, usiandike hukumu. "Alikataa kuvua shati mara tatu" inakusaidia, "alikuwa mkorofi" haikusaidii chochote. Na siku ukishindwa kuandika, acha, endelea kesho, usirudi nyuma kujaza.

Hatua hii imefanikiwa kama mwisho wa wiki mbili unaona mambo mawili au matatu yanayojirudia, muda ule ule au maneno yale yale kichwani.

## Hatua ya 3: Tambua hulka inayokuongoza

Wanasaikolojia wanapima hulka kwa pande tano: wepesi wa wasiwasi, uchangamfu, utaratibu, upole wa kupatana na watu, na uwazi wa kupokea mambo mapya. Kila mtu anazo zote tano, tofauti ni kiasi tu. Kuna madodoso mafupi ya kupima, lingine lina vipengele 10 tu, lakini kwa kazi yetu daftari lako na yule mtu mkweli wanatosha.

Msomee matukio matano kwenye daftari, muulize swali moja: "Hapa ni wapi umeniona mimi ninayemjua siku zote?" Msikilize mpaka amalize, usijitetee. Chagua pande mbili tu zinazokuendesha zaidi ukiwa umechoka, sio zile unazotamani kuwa nazo.

Onyo: haya sio majina ya ugonjwa, na sio silaha ya kikao cha familia. Ukianza kumwambia dada yako "tatizo lako wewe ni mwepesi wa wasiwasi" umeshaharibu kazi yote.

## Hatua ya 4: Chagua njia inayoendana na hulka hiyo

Soma sehemu zako mbili, zingine ruka. Chukua jambo moja kwa kila sehemu, sio yote.

### Kama wewe ni mwepesi wa wasiwasi

Nakaa hapa zaidi kwasababu hili ndo kundi linaloumia kuliko yote, na ndo linaloambiwa maneno yasiyosaidia kabisa, "usiwaze sana". Mtu angekuwa anaweza kuacha kuwaza angeshaacha.

Kwanza, yape mawazo muda wake. Chagua dakika 15 au 20 kila siku, mapema, sio karibu na kulala. Wazo likija saa zingine, liandike neno moja na uliambie tutaonana saa kumi. Muda ukifika kaa nayo yote, na kila wazo liulize: kuna kitu naweza kufanya kuhusu hili wiki hii? Kama kipo, kiandike kiwe kazi yenye siku. Kama hakipo, pita kwenye lingine.

Pili, zile hofu kubwa tatu ziandikie majibu kabla hazijatokea. Akitoka nje bila kuonekana nitafanya hivi na nitampigia huyu. Akianguka, siharakishi kumwinua, naangalia kwanza kama ameumia kichwa au nyonga. Bandika ukutani. Kichwa chenye wasiwasi kinatulia kikijua jibu lipo mahali, hata kama halitatumika kamwe.

Tatu, na hili watu wanalidharau, jifunze ujuzi mmoja mdogo mpaka uuweze kabisa. Watafiti wamegundua kwamba sehemu ya jinsi hulka inavyofika kwenye afya ya mlezi inapitia kwenye kujiamini, yaani mwenye wasiwasi anaumia pia kwasababu anajiona hawezi. Kwahiyo chagua kimoja, mfano kumjibu anapotaka kwenda kwao. Usibishane na ukweli wake, jibu hisia: "Umepakumbuka kwenu eeh, hebu niambie nani alikuwa anaamka wa kwanza kule." Akianza kusimulia, mkoba unashuka begani taratibu na mnasogea kwenye kiti. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, manake kuchanganyikiwa kwa jioni kunawapata wengi wao. Ukiiweza jioni moja, iandike kwa kalamu nzito.

Utajua inafanya kazi ukiona wasiwasi bado upo lakini haukuamshi tena usiku kila siku. Usisubiri uishe wote.

### Kama wewe ni mtu wa utaratibu

Nguvu yako ni kubwa, dawa hazikosewi, kliniki hazisahauliki. Hatari yako ni kuamini hakuna anayeweza kufanya kama wewe, ndugu akija kusaidia unamsimamia nyuma ya bega mpaka anaacha kuja. Na dimensia haifuati ratiba, kila ukipanga inavuruga, na wewe unahesabu ni kosa lako.

Gawa kazi makundi mawili. Zisizojadiliwa: dawa, usalama, usafi wa msingi, kula na kunywa maji. Zinazokubalika hata zikiwa nusu nusu: nguo zisizoendana, kuoga kesho badala ya leo, nywele kuchanwa upande. Mtu mwingine akifanya za kundi la pili, toka chumbani. Kabisa, toka nje ya nyumba.

Watu wa hulka hii pia ndo wanaosema nitapumzika akipata nafuu, wakati ugonjwa huu unaenda mbele tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1999 ulifuatilia wazee waliokuwa wakiwahudumia wenza wao, na ndani ya miaka 4 wale waliokuwa wameelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 63 kuliko wenzao wasiouguza mtu. Kwahiyo mapumziko yaandike kwenye kundi la visivyojadiliwa, pamoja na dawa za mgonjwa, saa na siku yake.

### Kama wewe ni mpole, hupendi kumuudhi mtu

Mgonjwa anatulia ukiwa karibu yake, hilo ni la kweli na ni zawadi kubwa kwake. Ila familia nayo inalijua, kwahiyo mzigo wote unakuja kwako bila mtu kukutuma rasmi. Unasema "sawa tu" alafu hasira inakaa ndani.

Usijaribu kuwa mkali, hutaweza na utajichukia. Tumia sentensi moja ya kuchelewesha: "Ngoja niangalie nitakujibu kesho." Ndo hiyo tu. Kesho yake jibu kwa meseji, sio kwa simu, kwasababu kwa simu utakubali. Ukiona umekataa jambo moja kwa wiki na hakuna aliyekuchukia, inaenda vizuri.

### Kama wewe ni mtu wa watu

Kinachokumaliza ni kufungiwa ndani na mtu ambaye mazungumzo yake yanajirudia. Msaada wako wa kwanza ni watu, usiwatoe sadaka. Weka simu ya kuongea kila siku muda ambao mgonjwa analala, na angalau mara moja kwa wiki onana na watu ana kwa ana mkiongea vitu visivyohusu ugonjwa.

### Kama wewe ni mkimya

Kupumzika kwako ni kuwa peke yako, na dimensia inakuvua hicho hasa, manake mgonjwa anaweza kukufuata mpaka mlango wa choo. Omba msaada wa mtu kukaa na mgonjwa, wewe uingie chumba kingine na mlango ufungwe. Grupu kubwa likikuchosha, achana nalo bila hatia, mtu mmoja anayeuguza kama wewe na mnaandikiana meseji anatosha. Shirika la Afya Duniani lina programu inaitwa iSupport, ilitoka 2019 kwa ajili ya walezi wa wenye dimensia, na unaweza kujifunza mwenyewe taratibu bila kukaa mbele ya watu.

Angalia tu ukimya usigeuke kujificha. Kama wiki mbili zimepita hakuna mtu hata mmoja anayejua hali yako ya kweli, hapo umevuka.

### Kama unapenda mapya, au huyapendi kabisa

Anayepokea mapya ana nafasi nzuri ya kujaribu njia tofauti, muziki, kazi za mikono, kumfuata mgonjwa kwenye dunia yake. Kosa ni kubadilisha kila siku, mgonjwa anahitaji mazoea, kwahiyo jaribu kitu kimoja kwa wiki. Asiyependa mapya afanye kinyume: mazoea yako ni mazuri kwa mgonjwa, ila ugonjwa ukisogea hatua omba mtu akuonyeshe njia mpya kwa vitendo, usitegemee maelezo.

## Hatua ya 5: Tenganisha hulka ya mgonjwa na ugonjwa

Hapa panaumiza sana. Baba aliyekuwa mtaratibu anakutukana, mama mkarimu anakuita mwizi. Dimensia inabadilisha hulka, na ile aina inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo mara nyingi mabadiliko ya tabia ndo dalili ya kwanza, kabla hata ya kusahau. Mpole anayachukua moyoni, mwenye wasiwasi anaamini kuna kitu alikosea, na kama mlikuwa na ugomvi wa zamani na mgonjwa, kila tusi linaufufua.

Rudi kwenye daftari, kila tukio la matusi au tuhuma andika pembeni: je, alikuwa hivi miaka kumi iliyopita? Kama hapana, ni ugonjwa unaoongea. Kama ndiyo, siku zote alikuwa hivi, basi hulazimiki kujifanya hukuumia, tafuta mtu wa kuongea naye kuhusu hilo la zamani, na kazi za karibu karibu kama kumwogesha mpe mwingine ikiwezekana.

Onyo: tabia ikibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, usiihesabu kuwa hulka wala dimensia kusogea. Maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, kufunga choo, maumivu au dawa mpya vinaweza kumvuruga mgonjwa hivyo. Mpeleke akaonwe haraka.

## Hatua ya 6: Omba msaada kwa meseji iliyokamilika

"Jamani nimechoka nisaidieni" haileti mtu, kila mmoja anadhani mwenzie atakwenda. Meseji inatakiwa iwe na mtu, siku, saa, kazi na kikomo:

"Kaka shikamoo. Jumamosi naomba uje ukae na mama kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Dawa atakuwa ameshameza. Akitaka kutoka mzungushe uani, usimbishie. Mimi nitakuwa nimelala, simu nimemwachia jirani. Nijibu leo kama utaweza ili nijue."

Gawa kazi kwa hulka za ndugu pia. Asiyeweza kukaa na mgonjwa dakika kumi bila kukereka huenda ni hodari wa kufuatilia makaratasi, malipo na miadi ya hospitali. Mchangamfu aje jioni zile ngumu. Yule mwenye wasiwasi asipangwe zamu ya usiku peke yake.

Akikataa, omba mwingine, usijibizane kwenye grupu la familia. Ukipata masaa manne kamili kwa wiki ambayo hukupigiwa simu hata mara moja, hatua imekamilika.

## Hatua ya 7: Pima tena baada ya wiki 6 mpaka 8

Jaza Zarit ile ile, siku ya kawaida kama mwanzo. Namba ikishuka hata kidogo, baki na ulichonacho, usiongeze kitu kwa pupa. Ikibaki pale pale wakati ugonjwa umesogea, hiyo pia ni kazi nzuri.

Ikipanda angalia kwanza kama ulifanya kweli au uliandika tu. Kama ulifanya na bado imepanda, basi mzigo umeizidi njia yoyote ya mtu mmoja na unahitaji mikono zaidi au mtaalamu. Watafiti wa University College London walitengeneza mafunzo ya vikao 8 vya ana kwa ana kwa walezi wa familia, matokeo yakachapishwa 2013, na waliopata mafunzo walipungukiwa na wasiwasi na dalili za sonona kuliko wasiopata. Muulize mhudumu wako kama kuna mafunzo ya namna hiyo unayoweza kuyafikia, manake vikao 8 ni vichache ukilinganisha na faida yake.

Rudia kipimo kila ugonjwa unaposogea: akianza kutokukutambua, akianza kukesha, akishindwa kutembea. Hulka iliyokubeba hatua moja inaweza kukuchosha hatua inayofuata, mtu wa utaratibu aliyekuwa imara kwenye dawa na miadi anaweza kuyumba pale ambapo kilichobaki ni kukaa tu na kushika mkono, kwahiyo rudi hatua ya 3 na umsomee tena yule mtu wako mkweli matukio mapya matano.

Na mgonjwa akihamia kituo cha matunzo, usiache kujipima. Walezi wengi huwa hawapati nafuu ya haraka, hatia na huzuni vinabaki, hasa kwa mwepesi wa wasiwasi. Yale maswali mawili ya hatua ya 1 jiulize tena baada ya mwezi, na tena mwezi unaofuata, na majibu yakiwa mabaya nenda ukaonwe kama ambavyo ungempeleka yeye.